Blogu ya Biashara Ndogo: Nani Ataiandika?

Ingia kwenye tovuti ya biashara ndogo yoyote iliyotengenezwa na fundi wa kulipwa. Pale juu, kati ya "Huduma Zetu" na "Wasiliana Nasi", usishangae ukikuta neno "Blogu". Bofya. Makala tatu: ya kwanza inakukaribisha kwenye blogu mpya, ya pili ni salamu za mwaka mpya, ya tatu inaahidi kwamba mengi mazuri yako njiani. Hiyo ya tatu ina miaka minne sasa.

Mteja aliyefika hapo akitafuta mtu wa kumpa kazi wala hawazi habari ya blogu. Anawaza: hivi hawa bado wapo?

Ubishi wa kama biashara ndogo iwe na blogu ni wa siku nyingi. Washauri wa masoko wanataka kila mwenye tovuti aandike, tena kila wiki. Waliojaribu wakaishia njiani wanajibu kwamba zama za blogu zilishapita, siku hizi watu wako kwenye mitandao ya kijamii. Nianze na wanaosema iwepo, maana wana mfano mmoja ambao ni vigumu kuupuuza.

Katika jimbo la Virginia, Marekani, kuna kampuni ya mabwawa ya kuogelea iitwayo River Pools and Spas. Uchumi ulipoanguka 2008, walioagiza mabwawa wakaanza kughairi. Mmoja wa wamiliki, Marcus Sheridan, hakuwa na fedha za kumwaga kwenye matangazo. Mwaka 2009 akaanza kuandika kwenye tovuti yao majibu ya maswali aliyokuwa akiulizwa na wateja kila siku, likiwamo lile ambalo wafanyabiashara wengi hulikwepa: bwawa ni bei gani? Alieleza nini kinaipandisha bei na nini kinaishusha, basi. Makala hiyo moja, kwa hesabu zake mwenyewe, ilileta mauzo ya zaidi ya dola milioni moja.

Tuliangalie jambo hili kwa karibu, kwa kazi iliyozoeleka zaidi. Fundi wa majokofu hupigiwa simu na mtu anayesema friji yake juu inagandisha vizuri lakini chini hakupoi. Kabla hajaiona, fundi ameshajua kwamba mara nyingi barafu imeziba njia ya hewa nyuma ya kile kikuta cha ndani, au feni inayosukuma baridi kwenda chini imesimama. Anajua pia kwamba ukiizima, ukaacha mlango wazi mpaka barafu yote iyeyuke, halafu ikapoa vizuri siku kadhaa kisha ikarudia ugonjwa ule ule, basi wa kutazamwa ni mfumo wa kuyeyusha barafu, na hapo panahitaji fundi. Maelezo haya huyatoa kwa simu, kila mteja kwa wakati wake, mwaka mzima. Akiyaandika mara moja, akaweka na picha mbili alizopiga kazini, amepata ukurasa ambao mtu ataukuta usiku wa manane anapoiuliza Google kwa maneno yale yale. Na huyo mtu akishindwa kujitengenezea, namba ya simu iliyo mbele yake ni ya nani?

Halafu kuna suala la nani mwenye nyumba. Januari 2018 Facebook ilitangaza kwamba machapisho ya ndugu na marafiki yatatangulizwa kuliko yale ya kurasa za biashara. Waliokuwa wamekusanya wafuasi kwa miaka wakajikuta wanalipia matangazo ili kuwafikia wafuasi wao wenyewe. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika pamoja kwa takribani saa sita, na aliyekuwa na duka huko tu alikaa akisubiri. Tovuti yenye jina lako nayo inaweza kuanguka, lakini unaweza kuihamisha na makala zake zote kutoka kampuni moja ya kuhifadhi tovuti kwenda nyingine. Mpangaji wa Facebook hana uhuru huo.

Upande wa pili nao una uzito, na naona haupewi nafasi ya kutosha. Kampuni ya Ahrefs, inayouza zana za kuchunguza mitambo ya utafutaji, ilipima kurasa takribani bilioni 14 na kukadiria kwamba zaidi ya asilimia 96 hazipati hata mtembeleaji mmoja kutoka Google. Kwa hiyo hadithi ya mabwawa ni ya aliyefika. Waliozama hawaalikwi kuhutubia mikutano ya masoko.

Gharama yenyewe haimo kwenye ankara ya fundi wa tovuti. WordPress, programu ya kutengenezea tovuti, ni ya bure na kuongeza blogu ni kazi ya dakika chache. Gharama iko kwa mwandishi. Makala moja yenye maana humla mtu nusu siku, na mwenye biashara ndogo ndiye mhasibu, ndiye muuzaji, ndiye anayepokea simu. (Niliwahi kujiwekea ratiba ya makala moja kwa wiki kwenye tovuti yangu. Nilifika ya nne.) Akimwajiri mtu wa kumwandikia, huyo mtu hajawahi kufungua friji. Ataandika "Faida tano za kutunza jokofu lako", jambo ambalo hakuna mteja aliyewahi kuuliza.

Tangu 2024 hali imekuwa ngumu zaidi. Mei mwaka huo Google ilianza, kwa kuanzia na Marekani, kuweka juu ya matokeo jibu lililoandikwa na akili mnemba. Msomaji anaweza kuondoka nalo bila kufungua tovuti ya mtu. Maswali ya jumla yameumia zaidi, maana jibu lake liko kila mahali. Na anayedhani atajaza blogu yake kwa makala mia zilizoandikwa na ChatGPT, programu ya akili mnemba, ajue kwamba miezi miwili kabla ya hapo, Machi 2024, Google iliongeza kwenye sheria zake katazo la kuzalisha kurasa kwa wingi kwa lengo la kupanda kwenye matokeo tu, ziwe zimeandikwa na mtu au mashine.

Kwa maoni yangu, kinachowaponza wengi ni umbo la blogu lenyewe. Neno "weblog" lilianza kutumika 1997, likafupishwa kuwa "blog" 1999, mwaka ule ule ilipozinduliwa Blogger, zana ya kuandikia blogu. WordPress ikafuata 2003. Zana hizi zilitengenezewa watu wa kuandika shajara: kipya juu, cha zamani kinazama, tarehe kwenye kila kitu. Biashara zikalirithi umbo hilo bila kujiuliza kama zina shajara ya kuandika. Jibu la friji isiyopoa chini halizeeki kwa miezi sita. Kulizamisha chini ya salamu za sikukuu ni kulitupa.

Kwa hiyo ningemshauri fundi wetu wa majokofu achukue zana ya blogu aache desturi zake. Kwenye menyu aandike "Maswali ya Wateja" au "Ushauri", si "Blogu", kwa sababu majina hayo mawili hayamdai chapisho jipya kila Jumatatu. Kurasa azipange kwa tatizo, asizipange kwa tarehe. Palipo na bei tarehe ibaki, maana bei bila tarehe ni mtego kwa msomaji; kwingine aonyeshe tu ni lini alirekebisha maelezo mara ya mwisho. Yote yakae ndani ya anwani ya tovuti yake mwenyewe, asiyapeleke kwenye jukwaa la bure lenye jina la mtu mwingine. Sehemu ya maoni aifunge, kwani asipokuwa na muda wa kuisimamia itajazwa matangazo ya kamari. Programu-jalizi, yaani vipande vya kuiongezea tovuti uwezo, aweke chache na azisasishe. Kwenye WordPress, matundu mengi ya usalama hutokea huko.

Na picha ziwe zake. Picha ya barafu iliyoziba feni, imepigwa kwa simu, kidole kimeingia pembeni, ina thamani kuliko ya kununua inayoonyesha mwanamke anaitabasamia friji tupu.

Kabla ya kumlipa mtu, afungue simu yake arudi nyuma mwezi mmoja kwenye ujumbe wa wateja, ahesabu maswali yaliyojirudia. Yakifika matano au sita, kurasa za kuanzia ameshapata, na maneno ya vichwa vya habari wateja wameshamwandikia. Wateja wakiwa wanauliza tu "mko wapi?" na "mnafungua saa ngapi?", aweke ramani na saa za kazi kwenye ukurasa wa mwanzo, kisha amwambie fundi wa tovuti aliondoe lile neno kwenye menyu.