Mirija ya mama ifungwe, ya baba iachwe?

Kuna mada ukiileta kijiweni wanaume wote wanakaa mkao mmoja, mikono inashuka mapajani kulinda mali, na mada yenyewe ni vasektomi, yaani mwanaume kufungwa mirija inayopitisha mbegu. Mtu kamaliza kuzaa, watoto wanne wapo, ada zinamtoa jasho, mkewe kashachoma sindano ikamvuruga hedhi, akaweka vijiti kichwa kikawa kinauma kila siku, akajaribu kitanzi napo hola, mwishowe linakuja wazo kwamba basi mama afungwe kizazi, na baba anaitikia fasta. Hakuna aliyemuuliza kuhusu yeye, na yeye mwenyewe wala hajajiuliza.

Mimi ni mwanaume na nasema kwa ndoa kama hiyo anayetakiwa kufikiriwa kwanza ni baba. Angalia tu kazi yenyewe. Kumfunga mwanamke lazima uingie tumboni, na ukishaingia tumboni kuna utumbo, kuna kibofu, kuna mishipa, kuna dawa ya usingizi wakati mwingine. Mwanaume mirija yake ipo hapo chini ya ngozi ya pumbu, unaweza hata kuipapasa kwa vidole. Anachomwa ganzi, wanatoboa kitundu kidogo, wanauvuta mrija wa huku na wa huku, wanakata, wanafunga au kuunguza ncha, ndani ya nusu saa mtu anavaa suruali yake anaenda nyumbani. Tena hiyo njia ya kutoboa bila kisu ilianzishwa China mwaka 1974 na daktari Li Shunqiang, yaani sio kitu kilichokuja juzi, na mara nyingi hata nyuzi hazihitajiki. (Kama mama yuko tayari mezani kwa operesheni ya kujifungua na aliamua mwenyewe mapema, afungwe hapo hapo, sina ugomvi.)

Sasa hili la nguvu za kiume. Jamani. Korodani hazitolewi, zinabaki na zinaendelea na kazi, homoni ya kiume inapita kwenye damu wala haipiti kwenye huo mrija uliokatwa, kwa hiyo sauti haibadiliki, ndevu hazidondoki, hamu ipo pale pale. Na shahawa zinatoka kama kawaida kwa sababu sehemu kubwa ni majimaji ya tezi dume na vifuko vyake vya jirani, mbegu zenyewe ni asilimia chache tu. Anayedhani ni sawa na kuhasi dume la ng'ombe, basi hajui wanachokifanya kwa ng'ombe.

Kinachonitia wasiwasi mimi ni kitu kingine kabisa ambacho watu hawakisemi vya kutosha, nacho ni ile miezi 3 ya mwanzo. Mirija inakatwa leo lakini juu ya pale palipokatwa kuna mbegu zimeshapita tayari zimekaa zinasubiri safari, haziondoki siku hiyo. Inatakiwa kondomu au mama aendelee na njia yake kwa miezi mitatu hivi, halafu unarudi na sampuli inapimwa kwenye maikroskopu, ukiambiwa hamna mbegu ndo unaacha. Sasa fikiria jamaa katoka kliniki Ijumaa, Jumapili anajiona keshamaliza kila kitu, mwezi wa pili mama hedhi haijaja. Hapo ndoa inavunjika, mke anaitwa majina, ukoo unaitwa kikao, kumbe mtoto ni wa kwake mwenyewe kabisa! Na hata baada ya kipimo safi kuna nafasi ndogo sana ya mirija kuungana yenyewe, ni ndogo kuliko ya mwanamke aliyefungwa, ila ipo, na wote wawili wanatakiwa waisikie wakiwa wamekaa pamoja mbele ya mhudumu.

Dini sitaingia sana. Kanisa Katoliki linakataa wazi, masheikh wengi nao hawakubali kufunga moja kwa moja bila dharura, mwenye kushika hapo namheshimu. Ila asije akanipa hoja ya dini kwa vasektomi halafu akasaini mkewe afungwe, maana makatazo hayo hayo yanamhusu na mama.

Woga wa serikali nao nauelewa. India kwenye ile hali ya hatari iliyotangazwa na serikali kati ya 1975 na 1977 wanaume zaidi ya milioni 6 walifungwa mirija ndani ya mwaka mmoja, wengi kwa kulazimishwa, watu wakawa wanakimbia wakiona gari la afya. Kitu kama hicho kinakaa kwenye vichwa vya watu miaka mingi. Ndo maana kampeni ya kugawa zawadi au kuhesabu vichwa mimi siitaki, mtu aende kwa miguu yake.

Lakini tukiacha hayo yote, ukimbana jamaa akiwa peke yake anakwambia ukweli: "Je nikioa tena?" Utafiti mmoja wa Kigoma uliochapishwa 2007 uliwauliza watu kuhusu vasektomi, na kati ya mambo yaliyojitokeza ni hilo la kutojua kesho, watoto wakifa, ndoa ikivunjika, mke akitangulia. Ni hofu ya kweli, siidharau. Tatizo langu ni kwamba mama naye ana kesho. Naye anaweza kuachika, naye anaweza kufiwa, naye anaweza kuolewa na mtu anayetaka mtoto. Tunamwambia yeye afunge ukurasa huku sisi tumeacha kidole katikati ya kitabu, halafu tunaita hiyo ni kupanga uzazi pamoja. Uingereza na Canada wanaume wanaofunga mirija ni wengi kuliko wanawake, na huko talaka zipo tele.

Kwa hiyo kijana wa miaka 25 asiye na mtoto, kaa kwanza, kuunganisha tena mirija ni operesheni ngumu, ghali, na haina uhakika. Mwenye wake wawili, wewe piga hesabu vizuri, maana ukifunga wewe umefunga nyumba zote mbili kwa mpigo. Na mwenye mke mmoja, watoto wanatosha na mnakubaliana, nenda mkaongee na mtu wa uzazi wa mpango kwenye kituo chenye mtaalamu wa hiyo kazi, uliza maswali yako yote hata yale ya aibu. Siku mbili tatu utapumzika na barafu na chupi ya kubana, vitu vizito uviache kwa wiki moja hivi, na kama ni bodaboda mtafute mtu akushikie pikipiki, ile siti na mashimo ya barabara zetu havitakuonea huruma.