Helikopta ikifika Kitonga, itamkuta majeruhi akiwa hai?

Kila lori linapolala katikati ya Mlima Kitonga, mkoani Iringa, na foleni ikajaa pande zote mbili, hoja ya helikopta za wagonjwa huibuka tena. Naiunga mkono. Upande mmoja kuna ukuta wa mlima, upande wa pili korongo, kwa hiyo hakuna king'ora kitakachopitisha gari la wagonjwa katikati ya malori yaendayo Tunduma. Lakini hoja hii tunaianzia mwishoni.

Mtu mzima ana damu lita tano hivi. Mfupa wa paja ukivunjika, lita moja hadi moja na nusu inaweza kuvujia ndani ya nyama bila tone kuonekana nje. Mshipa mkubwa wa paja ukikatika, dakika chache zinatosha kumuua. Helikopta ya mwendo wa kilomita 220 kwa saa hutumia karibu nusu saa kwa kila kilomita 100, na hapo hujahesabu muda wa kupokea simu, kukagua hali ya hewa na kuwasha injini.

Basi wanaoamua ni wale wanaofika kwanza: utingo, bodaboda, mama muuza mahindi. Damu ikitoka kwa kuruka, weka kitambaa palepale na ukandamize kwa mikono miwili bila kuchungulia kila mara. Isipokoma, na jeraha liko mkononi au mguuni, funga kitambaa chenye upana wa sentimita nne au tano, sentimita tano hadi saba juu ya jeraha, kamwe si kwenye goti lenyewe wala kiwiko chenyewe. Pitisha kijiti imara, zungusha mpaka damu ikome, kisha kifunge kijiti kisirudi nyuma. Andika saa uliyofunga kwenye paji la uso la majeruhi. Kosa kubwa hapa ni kufunga kwa huruma: kikilegea, hubana mishipa inayorudisha damu moyoni huku ile inayoileta ikiendelea kuileta, na damu humwagika zaidi. Majeruhi atalia kwa maumivu. Usikilegeze. Waya na kamba nyembamba hukata nyama, viacheni.

Nyonga iliyovunjika inahitaji khanga iliyokunjwa, izungushwe usawa wa mifupa inayochomoza ubavuni, pale paja linapoanzia, na kukazwa. Wengi huifunga kiunoni; pale haisaidii. Wala msiitikise nyonga kupima kama imevunjika.

Sasa helikopta yenyewe. Mchana inataka eneo tambarare la walau mita 30 kwa 30, lisilo na nyaya za umeme, bati lililolegea wala mifuko ya plastiki. Kwenye kona za Kitonga hakuna eneo hilo. Ndiyo maana viwanja vya shule Ruaha Mbuyuni kule chini, Ilula kule juu, na kuendelea Mafinga, Makambako, Igawa hadi Inyala vinapaswa kupimwa na kuorodheshwa leo, kabla ya ajali. Wabeba machela wasubiri ishara ya rubani na waingie kwa mbele, anapowaona; mkiani kuna panga dogo lisiloonekana likizunguka. Penye mteremko, waifikie helikopta kutokea upande wa chini, kwa sababu upande wa juu mapanga makubwa huwa karibu na vichwa.

Nyanda zetu za juu pia zina masharti yake. Mji wa Mbeya uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na rubani anaweza kulazimika kupunguza uzito. Ukungu ukifunika Makambako au Mlima Nyoka, hakuna kuruka. Gari la wagonjwa lazima liwe tayari siku hiyohiyo.

Hospitali inayomtoa majeruhi nayo ina kazi. Hewa iliyovuja kuzunguka pafu hutanuka kadiri ndege inavyopanda, hivyo mrija wa kifuani uwekwe kabla ya safari. Ndani ya kelele zile hakuna atakayesikia kifua kwa stetoskopu. Oksijeni ipigiwe hesabu: kwa lita 10 kwa dakika, mtungi wa lita 680 huisha kwa saa moja na dakika nane. Dawa ya kupunguza uvujaji wa damu, asidi ya traneksamiki, gramu 1 kwa dakika 10, itolewe ndani ya saa tatu tangu kuumia. Baada ya hapo inaweza kudhuru. Majeruhi afunikwe, maana mwili wa baridi haugandishi damu vizuri. Fomu ya polisi, PF3, ifuate nyuma ya matibabu.

Namba ya simu 115 tayari huwatafutia usafiri wajawazito na watoto wachanga kupitia mpango wa m-mama, hadi kwa madereva wa vijijini. Ningeanza na chumba hicho cha simu: kiongezewe orodha ya viwanja vya kutua, na kila kijiwe cha bodaboda kuanzia Ruaha Mbuyuni hadi Tunduma kipewe mafunzo ya siku moja na mkoba wenye bendeji na vitanzi viwili vya kuzuia damu.