Pikipiki ya Babu na Kikao cha Harusi

Ukitaka kuwagombanisha mafundi wa pikipiki wa Moshi mjini, wapelekee pikipiki ndogo ya zamani isiyo na nembo wala kadi, kisha uwaulize kwa unyenyekevu kwamba hii ni ya aina gani. Mimi niliwapelekea ya marehemu babu, aliyekuwa karani wa kahawa katika chama cha msingi kule Uru. Tangu afariki ilikuwa imekaa kwenye banda la mbuzi, nyuma ya magunia ya pumba, ikidondokewa na kila kitu kinachoweza kudondoka katika banda la mbuzi. Fundi wa kwanza, mwenye kibanda jirani na soko la Mbuyuni, aliizunguka, akaigonga fremu kwa ukucha, akatamka kuwa ni Yamaha na kwamba petroli yake lazima ichanganywe na oili. Wa pili, ambaye alikuwa amekuja kuazima spana tu na wala hakuulizwa, alisema ni Suzuki. Wa tatu aliapa kwamba ni ya Kichina na kwamba babu alitapeliwa, jambo lililoniudhi sana, kwa sababu babu hakuwahi kutapeliwa na mtu yeyote isipokuwa watoto wake mwenyewe. Nilipoondoka walikuwa wameshaiacha pikipiki na kuhamia kwenye Simba na Yanga.

Kukosekana kwa nembo kulikuwa shida ndogo. Shida kubwa ni kwamba katika miaka yake ya kustaafu pikipiki hiyo ilikuwa imegawiwa kwa matumizi ya nyumbani, na kila kipande kilikuwa na mwenyewe. Kopo la taa ya mbele lilikuwa chombo cha kunyweshea vifaranga. Ile kinga nyeupe ya plastiki inayokaa mbele ya miguu ya dereva ilikuwa hori la mbuzi, na pembezoni ilionyesha alama za meno za vizazi kadhaa. Kiti kilikuwa jikoni, kimekalishwa juu ya kigogo, na ndicho alichokalia bibi wakati wa kumenya ndizi. Cheni ilifungia geti, na bibi alikataa katakata kuitoa mpaka nimletee nyingine pamoja na kufuli. “Mjukuu wangu,” aliniambia, “pikipiki ya babu yako haijawahi kuibiwa, lakini ndizi zangu zimeibiwa.” Nilikwenda kununua kufuli.

Palikuwapo pia ndoo ya vyuma ambavyo babu, kwa tabia ya makarani, hakuvitupa hata kimoja. Ndani yake kulikuwa na boliti, springi, bushi, vijigurudumu vyenye meno na vipande ambavyo hadi leo sijui vilikuwa vya nini. Tulipoteza mchana mzima tukijaribu kuingiza gurudumu moja la meno kwenye injini, likikataa kila upande, mpaka baba mdogo alipopita na ndoo ya maziwa, akatazama, akasema kwa upole kwamba hilo ni la mashine ya kumenyea kahawa na kwamba alikuwa akilitafuta kwa muda mrefu. Akaondoka nalo.

Fundi niliyemkabidhi kazi hatimaye alikuwa kijana mtulivu wa Majengo, ambaye sifa yake kuu ilikuwa kwamba hasemi kitu kabla ya kusugua. Alichukua msasa, akaimwagia injini mafuta ya taa, akasugua tumbo la injini na kipande cha fremu hadi namba zikajitokeza moja moja kutoka kwenye kutu. Kwenye fremu ziliandikwa C50, na kwenye injini C70E. Basi ilikuwa Honda, ya ule ukoo wa Super Cub ulioanza kutengenezwa Japani mwaka 1958 na ambao kufikia mwaka 2017 ulikuwa umevuka pikipiki milioni 100, idadi ambayo hakuna chombo kingine cha moto kilichoifikia. Fundi alinionyesha pia vifuniko viwili vya mviringo kwenye hedi, ambavyo ni vya kurekebishia valvu, akasema kuwa injini yenye vifuniko hivyo ni ya mipigo minne, kwa hiyo anayetaka kuchanganya oili kwenye petroli achanganye ya kwake.

Suala la C50 na C70 nililichukulia kuwa la makarani. Fundi naye alidhani kwamba huenda kifuniko tu cha tumbo la injini ndicho kilichobadilishwa, kwa hiyo tuliagiza ringi za pistoni za cc 50. Zilipofika, alishika moja kwa vidole viwili, akaiweka kwenye mdomo wa silinda ili aisukume taratibu kama inavyotakiwa, nayo ikapita yenyewe hadi chini bila kugusa ukuta na kutua kwenye kiganja changu. Tukatazamana. Akaleta kipimo chake cha kupimia vipenyo, akakisoma mara mbili: milimita 47. Ringi zetu zilikuwa za milimita 39. Injini hizo mbili zina mwendo mmoja wa pistoni, milimita 41.4, na nje zinafanana sana, ndiyo maana mtu fulani zamani aliweza kuchomeka ya 70 kwenye fremu ya 50 na hakuna aliyegundua, isipokuwa labda babu mwenyewe, ambaye sasa ninaelewa kwa nini alikuwa akifika ofisini kabla ya mwenyekiti wake mwenye Land Rover.

Kuanzia hapo fedha zilianza kwenda. Skrubu za Kijapani zina nyota ambayo bisibisi zetu za kawaida haziikamati vizuri, na kila fundi aliyepata kuzigusa alikuwa ameacha kumbukumbu, hivyo nyingi zilitolewa kwa tindo na kununuliwa upya. Meno ya shafti ya kiki yalikuwa yameisha, kwa hiyo ukipiga kiki mguu unashuka wenyewe hadi chini na injini haijui kama umempiga nani. Swichi ya ufunguo haikuwapo kabisa. Kwa pikipiki za namna hiyo swichi ikizimwa ndipo umeme wa plagi unapopelekwa kwenye bodi na injini kufa, maana yake ni kwamba isiyo na swichi inawaka vizuri kabisa, ila haizimiki. Fundi alisema hilo tutalishughulikia baadaye. Tangi lilikuwa na kutu ya kujaza bakuli, nalo likawekwa baadaye, na mahali pake tukaning'iniza kwenye usukani chupa ya maji iliyojazwa petroli, yenye mpira mwembamba hadi kwenye kabureta. Kabureta yenyewe ilitoka kwa muuza spea chakavu wa Kiborloni, ambaye nilipomuuliza ni ya pikipiki gani alinijibu, “Ya kwako, mangi, ukishalipa.”

Hapa lazima niseme neno juu ya harusi. Binti wa shangazi yangu alikuwa anaolewa, kadi ya mchango nilikuwa nimepewa mapema, na kiasi nilichokusudia kutoa kilikuwa kimepitia Kiborloni na kubaki huko. Katibu wa kamati, ambaye ni mama mmoja mwenye sauti ya kufikia ng'ambo ya korongo, alikuwa akinipigia simu kila jioni, na mimi kila jioni nilikuwa mahali pasipo na mtandao. Vikao vilifanyika Jumapili nyumbani kwa shangazi, chini kidogo ya kwetu, palepale barabara ya vumbi inapokata kona kukwepa korongo. Jumapili hiyo ya majaribio nilikuwa nimekwisha kutuma ujumbe kwamba nina udhuru wa kiafya.

Kwa kuwa kiki ilikuwa haikamati, Fundi aliamua tuiwashe kwa kusukuma kwenye mteremko. Aliingiza gia ya pili, nikakaa, yeye na vijana wawili wa jirani wakasukuma, na mbele ya geti la kanisa injini ikakohoa, ikatoa wingu jeusi, ikashika. Furaha yangu ilikuwa fupi sana, kwa sababu haikushika kwa sauti ya injini inayoamka bali ya injini inayokimbia moto. Nilirudisha mkono wa mafuta; haikubadilika. Niliurudisha tena kwa nguvu, ikaongeza. Baadaye tulipoifungua kabureta tuliona kwamba kile kipande cha mviringo kinachopanda na kushuka ndani yake, ambacho Fundi anakiita pistoni ya kabureta, kilikuwa kimeingia kinyume. Kwa kawaida kuna kijino kidogo ndani kinachozuia kosa hilo, lakini katika kabureta ya Kiborloni kijino kilikuwa kimekatika, na kipande kilichogeuka nyuma mbele hakishuki kufunga hewa hata ukimwomba.

Msomaji atauliza kwa nini sikubana klachi. Pikipiki hizi hazina mkono wa klachi. Inasimuliwa kwamba Takeo Fujisawa, mshirika wa Soichiro Honda, alitaka chombo ambacho kijana wa kupeleka tambi aweze kukiendesha kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika sinia, na kwa hiyo klachi hujikamata yenyewe kadiri injini inavyozunguka kwa kasi. Ya kwangu ilikuwa inazunguka kwa kasi kuliko ilivyopata kuzunguka tangu enzi za kahawa. Ni kweli kwamba ukikanyaga pedali ya gia na kuishikilia, klachi huachia; Fundi alinipigia kelele hivyohivyo kutoka nyuma, “Kanyaga gia, ushikilie!” nami nilikanyaga, na pedali, ambayo ilikuwa ya kuazima, ikachomoka na kubaki barabarani. Breki ya mbele haikuwa na waya. Ya nyuma ilikuwapo, na niliikanyaga kwa moyo wangu wote, ikatoa harufu.

Niliyoyaona njiani siyakumbuki kwa mpangilio. Nakumbuka mama mmoja aliyebeba majani ya ng'ombe kichwani, ambaye aliyaacha hewani na kuruka mfereji kwa wepesi ambao sikuutegemea kwa umri wake. Nakumbuka vijana wa bodaboda kwenye kijiwe chao wakisimama kwa heshima na mmoja akisema, “Huyu mzee ana haraka na Mungu.” Ndipo nikaikumbuka chupa. Nilinyoosha mkono, nikaukunja mpira wa petroli na kuubana kwa vidole, nikangoja kimya kitakachofuata. Hakikufuata chochote, kwa sababu bakuli la kabureta huwa na akiba yake, na injini ilikuwa haijala siku nyingi.

Mbele yangu ikatokea kona. Kulia ni korongo, kushoto ni barabara inayokunja, na katikati, wazi kabisa, ni geti la shangazi. Sikuwa na muda wa kutafakari udhuru wangu wa kiafya. Niliingia getini, nikaangusha mgomba mmoja wenye mkungu mchanga, nikapita katikati ya viti vya plastiki ambavyo wajumbe walivihama kwa mpangilio mzuri wa kushangaza, nikaelekea moja kwa moja kwenye meza kuu, na hapo, hatua chache kutoka kwenye daftari la michango, akiba ya bakuli ikaisha. Injini ikapiga chafya moja, ikazima. Kimya kilichofuata kilijaa vumbi na harufu ya breki, na mimi nilikuwa bado nimebana mpira kwa vidole viwili.

“Shikamoo shangazi,” nilisema, maana kulikuwa hakuna kingine cha kusema.

“Marahaba, baba,” alijibu shangazi, akiutazama mgomba wake. “Tuliambiwa unaumwa.”

Mwenyekiti, mwalimu mstaafu asiyepoteza nafasi, alisimama kabla sijashuka. Aliwaambia ndugu wajumbe kwamba wamejionea wenyewe mtu ambaye, ijapokuwa ni mgonjwa, hakukubali kukosa kikao, na kwamba kama wote wangekuwa na moyo wa namna hiyo harusi ingekwisha kulipiwa. Wakapiga makofi. Katibu akafungua daftari, akalitaja jina langu kwa ile sauti ya ng'ambo ya korongo, akauliza niandikiwe ngapi. Mtu aliyekwisha kusifiwa kwa moyo wake mbele ya watu wote hawezi kutaja kiasi kidogo, na kile nilichokitaja kilizidi hata kilichokuwa kwenye kadi. Makofi tena. Kisha mjumbe mmoja akatoa hoja kwamba, kwa kuwa nimefika na chombo, niingizwe kamati ya usafiri, hoja ikaungwa mkono, na palepale nikapewa jukumu la kuileta ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchomwa, ukumbini siku ya sherehe.

Wakati huo Fundi aliwasili mbio, jasho likimtiririka, pedali ya gia mkononi. Aliona mgomba umelala, akaona watu wamekaa mbele ya daftari lililofunguliwa, akajumlisha. Katibu akamuuliza jina, akalitaja. Akamuuliza namba ya simu, akaitaja. Akamuuliza ngapi.

“Mama, naomba mnielewe,” alisema Fundi huku akihema, “hapa nilipo nina elfu thelathini tu.”

“Taslimu?” aliuliza Katibu.

Fundi akazitoa mfukoni, akaziweka mezani, na makofi aliyopigiwa yakawa makubwa kuliko yangu yote mawili. Shangazi mwenyewe akamvutia kiti, akaagiza aletewe soda.