Gari la Oto Likizeeka Kila Mtu Daktari

Jamani kaa na gari la oto (linalojibadilishia gia lenyewe) la zamani hapa Kampala uone mtaa mzima unavyojua ugonjwa wake. Langu namba zake bado zinaanza na UAE, lilishaingia nchini zamani kabla ya ile sheria ya 2018 ya kukataza kuingiza magari yaliyozidi miaka 15, kwa hiyo ni mwenyeji kuliko mimi. Asubuhi nalitia D, gia ya kwenda mbele, kimya. Unangoja weee, unadhani limegoma, halafu linaruka kama punda aliyechapwa. Na mlima wa Mutundwe usiseme, injini inalia mpaka watu wa boda wanageuka, mshale wa rpm, ule wa mizunguko ya injini, unapanda gari haipandi.

Muuza rolex wetu, zile chapati za mayai, hana hata baiskeli, anageuza chapati huku ananiambia mzee hiyo giaboksi imekufa, nenda soko la spea la Kisekka utafute ya Japani. Mwenyekiti wa LC1, yaani wa mtaa, anasema plagi. Shemeji yeye anasema kuna mtu hapendi maendeleo yangu. Maendeleo gani sasa, gari lenyewe mlango wa dereva unafunguliwa kwa nje!

Lakini aliyeniudhi ni fundi, boneti hajafungua keshataja milioni. Nikamwambia ndugu yangu, chomoa kwanza kijiti cha oili ya gia. Na hii yangu inapimwa injini ikiwa imepata moto, inanguruma, gia iko P ya kuegesha, mahali tambarare, siyo gari limelala nusu mtaroni. Akachomoa amenuna. Oili iko chini kabisa, ila bado nyekundu na hainuki. Ingekuwa nyeusi inanuka kuungua, hapo klachi za ndani zimeisha, ningekaa chini nilie. Hii ni presha tu inakosekana, ndo maana D inachelewa na gia zinateleza. Na oili ya gia hailiwi, ikipungua inavuja, tukachungulia chini kumbe sili ya ekseli inadondosha matone mekundu.

Kile kishindo cha kuruka nacho, nikakanyaga breki nikatia D, nikatia R ya kurudi nyuma, injini ikanyanyuka karibu initoroke. Maunti, ile raba inayoshika injini, imekatika hiyo, siyo giaboksi!

Sasa fundi kaniletea oili kwenye chupa ya maji, haina lebo, eti zote ni moja bosi. Nikamwambia kajaribu kwenye gari yako kwanza. Kumbe anatembelea boda.