Mtoto Aogope Zimwi, Siyo Bibi wa Jirani

Wiki iliyopita umeme ulikatika mtaani kwetu hapa Dodoma. Binti wa kaka yangu, yuko darasa la tano, akanisogelea: "Shangazi, nitolee hadithi. Ya kutisha kweli, siyo ya sungura." Nikamtolea ile niliyopewa na bibi ndani ya tembe lake, moto wa kuni ukififia. Binti kasahau shanga zake korongoni, karudi peke yake jioni kuzifuata, zimwi likamkamata na kumtia ndani ya ngoma. Likawa linazunguka naye vijijini, linapiga, watu wanaisifu ngoma inavyoimba, kumbe ni mtoto analia humo ndani. Nilipofika pale ngoma inapoimba uani kwa mama yake mzazi, mwenzangu alikuwa ameshavuta kanga hadi puani. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Halafu?"

Ninaitetea hiyo "halafu". Wazazi wengi husema hadithi hizi zinawaharibu watoto, wataweweseka usiku. Lakini mtoto wa miaka 9 hadi 12 hofu anayo tayari. Anaogopa komba akilia mbuyuni, maana sauti yake ni kama ya kichanga. Anaogopa pagale analolipita akitoka shule, na tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba sasa inahamia huku, mji huu umejaa mapagale. Hadithi haimletei hofu mpya. Inaichukua ile aliyonayo na kumwonyesha mama aliyeijua sauti ya mwanawe, akalinywesha zimwi pombe, lilipolala akamtoa mtoto, akajaza nyuki ndani ya ngoma. Kwenye nyuki, binti yetu alipiga makofi gizani.

Kwa hiyo nawaomba waandishi wetu watuandikie hizi, na wasizilainishe. Kwenye maduka ninayoingia naona vitabu vya sungura na fisi kwa wadogo, kisha riwaya za watu wazima. Wa darasa la nne hadi la saba wameachwa hapo katikati. Na zimwi lisilokula mtu, mtoto hata kulisikiliza hatalisikiliza.

Lakini kuna jambo linaniuma. Mwaka jana nilimnunulia binti yetu kijitabu, nikakisoma kwanza mwenyewe. Mchawi wa humo alikuwa bibi kizee, anaishi peke yake, macho mekundu. Hadi leo kipo juu ya kabati, sijampa.

Bibi yangu alikuwa na macho mekundu. Alipika ugali wa uwele na mlenda miaka yote ndani ya nyumba yenye tundu dogo tu la hewa, moshi ukimwingia machoni asubuhi na jioni. Nchi hii imezika vikongwe waliouawa kwa imani kwamba macho kama yale ni ya mchawi, Shinyanga na Mwanza hasa. Waliowaua hawakuzaliwa na imani hiyo. Waliisikia wakiwa wadogo, pengine usiku kama ule, wamejifunika kanga vilevile. Hadithi ikishamwonyesha mtoto adui, kesho yake atamtafuta mtaani. Zimwi hatalipata. Bibi wa nyumba ya tatu atampata, amekaa barazani anachambua mboga, hana mtu wa kumsemea. Mwandishi anayetaka kutisha ana usiku, ana makorongo, ana miamba ya Kondoa yenye michoro ya watu wembamba ambao walioichora hawapo tena. Vyote hivyo vinamtosha. Amwache yule bibi.

Asubuhi nilimpa binti yetu daftari jipya. Zimwi lake linaishi ndani ya pagale la njia ya shule. "Limekula mafundi wote, shangazi, ndiyo maana nyumba haiishi." Ameshafika ukurasa wa nne. Fundi wa mwisho yumo ndani ya tangi la maji, anagonga, na wapita njia wanadhani ni mvua.