Msanifu wa Mifumo ya Benki Aanzie Kwa Wahasibu

Vijana wanaoniuliza njia ya kuwa msanifu wa mifumo ya teknolojia katika benki huanza kwa kutaja vyeti na lugha za programu. Mimi huwashauri waombe kwanza miezi 6 kwa wahasibu wanaolinganisha hesabu za miamala kila asubuhi.

Nililijua hilo kwa kuchelewa. Katika benki moja niliyoitumikia nilisanifu njia ya kuhamisha fedha kutoka akaunti ya mteja kwenda kwenye simu yake: mfumo wetu ulikata fedha, ukapeleka ombi kwa kampuni ya simu na kusubiri jibu kwa sekunde 30. Mwisho wa mwezi, mishahara ilipoingia, majibu yalichelewa. Mfumo ukadhani ombi limepotea, ukalituma tena kwa namba mpya ya kumbukumbu, na upande wa pili ukayahesabu kuwa maombi mawili. Wako waliolipwa mara mbili, na wako ambao pesa zilikatwa zisifike. Asubuhi yake mhasibu mmoja, mama aliyekaribia kustaafu, aliniita, akaweka karatasi yetu na ya kampuni ya simu ubavu kwa ubavu, akashusha kidole mstari kwa mstari. "Hii huku ipo mara moja, huku mara mbili. Mwanangu, namba ingekuwa ileile, wenzetu wangejua wameshalipa." Kosa langu lote lilikuwa hapo, na hakuna mchoro wangu uliolionyesha.

Kwetu jambo hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, benki imekuwa ikizungumza na mitandao ya simu usiku na mchana, na fedha ya mteja hupita katika daftari zaidi ya moja kabla ya kufika.

Wakubwa pia huteleza. Aprili 2018 benki ya TSB ya Uingereza ilihamishia wateja wake takriban milioni 5 kwenye mfumo mpya, na wengi wao wakashindwa kuzifikia akaunti zao. Mwaka 2022 ilitozwa faini ya pauni milioni 48.65, mwaka uliofuata aliyekuwa mkuu wake wa teknolojia akatozwa pauni 81,620 yeye binafsi, kwa kutohakikisha ipasavyo kwamba mtoa huduma aliyetegemewa alikuwa tayari.

Ndiyo maana sikubaliani na mtindo wa kumpandisha msanifu cheo na kumhamishia mradi mwingine siku mfumo unapozinduliwa, wakati makosa yake bado hayajajitokeza. Abaki na mfumo wake hadi hesabu za mwaka wa kwanza zifungwe, na muamala ukikwama usiku, simu ya kwanza ipigwe kwake.