Skauti wa Ngome ya Mackinac: Heshima ya Bendera na Uzito wa Historia

Katika kisiwa cha Mackinac, jimbo la Michigan nchini Marekani, vijana wa skauti hujitolea kila kiangazi kwa zamu za wiki moja moja. Asubuhi hupandisha bendera, jioni huzishusha, na mchana husimama ndani ya ngome kongwe wakiwaongoza wageni. Utaratibu huu ulianza mwaka 1929, pale skauti wanane wa daraja la Tai, ambalo ndilo la juu kabisa, walipoteuliwa kuwa gwaride la heshima la gavana. Mmoja wao, Gerald Ford, alikuja kuwa rais wa nchi hiyo mwaka 1974.

Swali ni kama kazi hizi zote zinafaa kuachiwa vijana wanaojitolea. Wanaouunga mkono utaratibu huu wana hoja nzito. Kukunja bendera ya Marekani kwa namna inayotakiwa, hadi ibaki pembetatu ya buluu yenye nyota bila kitambaa kugusa ardhi, si kazi ya mtu mmoja wala ya mwenye pupa, na kijana anayeifanya mbele ya wageni hujifunza umakini ambao darasani haupatikani kwa urahisi. Isitoshe, mgeni akipokewa na kijana aliyekuja kwa hiari yake huona kwamba mahali hapo pana watu wanaopajali.

Ugumu uko kwenye kuongoza wageni, nami naona hapo ndipo wakosoaji wana haki zaidi. Ngome hii ilianza kujengwa na Waingereza mwaka 1780, Wamarekani wakaipokea mwaka 1796, kisha Julai 1812 Waingereza wakaitwaa bila mapigano, wakiwa pamoja na mamia ya wapiganaji wa makabila ya wenyeji, huku kikosi cha Marekani kikiwa hakijapata hata habari kwamba vita vimetangazwa. Ilirudishwa mwaka 1815. Na kabla ya hayo yote, kisiwa kilikuwa mahali patakatifu kwa Waanishinaabe, wenyeji wa asili wa eneo hilo. Kijana aliyepandisha bendera asubuhi kwa fahari anahitaji maandalizi ya kutosha ili mchana aeleze kwa haki jinsi bendera hiyohiyo ilivyoshushwa hapo, na ni nani waliokuwapo kabla ya bendera yoyote. Wiki moja haitoshi, na sare humpa mamlaka ambayo mgeni hayahoji.

Kuna pia hofu kwamba wanaojitolea huwanyima wengine ajira. Sioni kwamba ina nguvu sana hapa, maana ngome ina watumishi wanaovaa mavazi ya askari wa miaka ya 1880 na kuonyesha ufyatuaji wa bunduki na mizinga, kazi ambayo hakuna anayefikiria kumwachia skauti. Lakini ingekuwa na nguvu siku ambayo maelezo ya historia yangehamishiwa kwa vijana kwa sababu tu hawalipwi.

Kwa hiyo naunga mkono bendera zibaki mikononi mwa skauti, na vilevile kazi ya kuwaonyesha wageni njia na kujibu maswali mepesi. Maelezo ya vita na ya wenyeji yatolewe na watumishi waliosomea, skauti wakiwa pembeni wakisikiliza, na anayerudi kiangazi kinachofuata baada ya kujisomea apewe nafasi ya kueleza sehemu moja ya ngome chini ya uangalizi wao.